Jinsi ya kutengeneza kiskrini cha kuchagulia gemu kwenye bodi ya zamani ya mashine za koini

Wadau, hii nimeiandika kwa yeyote mwenye bodi ya zile mashine za gemu za kutumbukiza koini, zile unasimama mbele yake umeshika stiki, na anatamani bodi hiyohiyo iwe na gemu zaidi ya moja bila kuiharibu. Najua wengi mkisikia kuongeza gemu mnachofikiria ni kung'oa kila kitu kwenye kabati, mnatumbukiza kompyuta ndogo na skrini bapa, kazi imeisha. Mimi hilo silikubali. Bodi ya miaka ya 80 ambayo mpaka leo inawaka hapa Dar, na joto letu hili na hewa ya chumvi, inastahili iachwe iendelee kuwaka yenyewe na chipu zake. Kwahiyo kila kitu ntakachoeleza hapa kinachomoka. Hukati njia yoyote ya shaba kwenye bodi, hutoboi, na ukitaka kurudisha kama ilivyokuwa ni dakika 10 tu.

Tunachotengeneza ni kiskrini cha oledi cha inchi 0.96 na kitufe cha kuzungusha. Unazungusha, majina ya gemu yanapita, unabonyeza, bodi inajizima na kuwaka upya ikiwa na gemu nyingine. Ndani kuna Arduino Nano, yaani kikompyuta kidogo unachokiwekea programu yako mwenyewe, na vikorokoro vichache.

Kwanza elewa kinachofanyika

Bodi nyingi za wakati ule zinatumia chipu za ROM (ndo zinazohifadhi gemu yenyewe) aina ya 2764, kila moja inabeba kilobaiti 8 na ina miguu 28. Sasa kuna chipu nyingine inaitwa 27C512, nayo ina miguu 28 lakini inabeba kilobaiti 64, yaani mara 8 ya ile, na uzuri wake ni kwamba miguu karibu yote imekaa palepale. Tofauti iko kwenye miguu mitatu tu: wa 26, wa 27 na wa 1. Kwenye 2764 mguu wa 26 hauna kazi, wa 27 na wa 1 ni vya wakati wa kuflashi, yaani kuandika data ndani ya chipu, na kwenye bodi kwa kawaida vimefungwa kwenye volti 5. Kwenye 27C512 miguu hiyohiyo mitatu ndo laini za anwani A13, A14 na A15.

Chukulia una kabati la droo 8. Bodi inajua kufungua droo moja tu, ile iliyo mbele yake, haijui kama kuna nyingine. Wewe ukiishika hiyo miguu mitatu unakuwa ndo unaeamua droo ipi iwe mbele. Zote tatu zikiwa sifuri ni droo 0, A13 peke yake ikiwa na volti 5 ni droo 1, A14 peke yake droo 2, A13 na A14 pamoja droo 3, na kuendelea mpaka zote zikiwa juu ambayo ni droo 7. Hakuna uchawi mwingine.

Kabla hujanunua chochote angalia bodi yako. Kama soketi zake ni za 27128 basi A13 tayari inatumika na wewe unabaki na droo 4. Kama ni 27256 unabaki na droo 2. Na kama chipu zina miguu 24 (2732 na ndugu zake) mwongozo huu haukufai moja kwa moja, utahitaji kibodi (yaani bodi ndogo) cha kuunganishia cha kati, usianze na hiyo kama ndo mara ya kwanza.

Kitu kingine ambacho watu hawaambiwi ni rangi. Bodi hizi zina chipu ndogo za rangi, 82S123 au 82S129 mara nyingi, na hizo sisi hatuzigusi. Maana yake gemu ya pili ambayo haikuundwa kwa rangi zilezile itacheza lakini watu watakuwa na sura za kijani na mbingu ya zambarau. Na gemu lazima iwe ya aina hiyohiyo ya bodi, huwezi kuchukua gemu ya bodi nyingine kabisa ukategemea iwake. Ushauri wangu anza na matoleo ya gemu moja: ile ya asili droo 0, programu ya kupima bodi droo 1, alafu matoleo mengine yanafuata. Ile ya kupima bodi usiidharau, siku memori ikianza kusumbua unazungusha kitufe tu inakuonyesha chipu gani imekufa.

Vifaa

Kariakoo vitu vingi vipo, tembea taratibu maduka ya vipuri vya elektroniki usiridhike na duka la kwanza. Unahitaji Arduino Nano ya volti 5, oledi ya SSD1306 yenye miguu minne, enkoda ya KY-040 (ndo kile kitufe cha kuzungusha), transista moja ya BC547 au 2N2222, rezista za ohmu 100, 220, kilo 1 (yaani ohmu 1000), kilo 10 na kilo 22, kapasita mbili ndogo zenye namba 104, kipande cha verobodi (kibao cha matundu cha kuchomelea vifaa), na soketi za miguu 28 idadi sawa na chipu za ROM za bodi yako. Soketi chukua zile za miguu bapa myembamba, sio zile za miguu ya duara, maana miguu ya duara ni minene inatanua meno ya soketi ya zamani na ukija kurudisha chipu ya asili inacheza.

Chipu zenyewe mi napendelea W27C512 kwasababu inafutika kwa umeme. Zile za kawaida zenye kidirisha cha kioo juu zinafutwa kwa taa ya mionzi ya UV, na kama huna taa utaanza kuomba ya watu. Ila kama ndo umezipata hizo ziba kidirisha kwa stika nzito. Watengenezaji wenyewe wanaandika kwamba jua la moja kwa moja linaweza kuifuta chipu kwa kama wiki moja, na sisi jua tunalo. Kasi ya nanosekunde 150 au chini yake inatosha.

Mashine ya kuflashia kama huna usinunue mara moja, ulizia mafundi wanaoflashi kompyuta za magari na ving'amuzi, wengi wanazo zile za TL866 na wanakubali ukienda na faili zako tayari.

Soma chipu zako kabla ya kitu chochote

Hii hatua usiiruke hata kama una haraka. Zima mashine, chomoa waya ukutani, na kama bodi iko ndani ya kabati lenye skrini ya kioo cha zamani kaa mbali na ule mfuniko wa mpira nyuma ya kioo, pale kuna maelfu ya volti na yanabaki hata baada ya kuzima. Mi huwa naitoa bodi nzima nakwenda nayo mezani.

Piga picha bodi kwa simu, pande zote. Kila chipu ibandikie karatasi yenye namba ya soketi yake. Alafu toa moja moja kwa kunyanyua upande huu kidogo na upande huu kidogo, chumvi ya hapa inashika miguu na ukivuta kwa nguvu mguu unabaki kwenye soketi. Soma kila chipu mara mbili, hifadhi, linganisha. Zikitofautiana safisha miguu kwa spiriti na usome tena. Faili lazima iwe na baiti 8192 kamili.

Kuunganisha faili

Tuseme bodi ina soketi 6 za ROM. Utatengeneza chipu 6 mpya, na kila moja ndani yake ina droo 8. Kwa chipu ya soketi ya kwanza unachukua faili ya soketi ya kwanza ya gemu 0, unaunganisha na faili ya soketi ya kwanza ya gemu 1, hivohivo mpaka ya 7. Kwenye Windows amri ni copy /b ukitenganisha majina ya faili kwa alama ya kujumlisha, kwenye Linux ni cat. Matokeo lazima yawe baiti 65536, ikipungua hata moja kuna faili sio yenyewe.

Mpangilio ndo roho ya kazi. Gemu iliyo droo 3 kwenye chipu ya kwanza lazima iwe droo 3 kwenye chipu zote sita, za programu na za picha. Nilishakesha usiku mzima natafuta ubovu kwenye waya kumbe chipu moja ya picha nilibadilisha nafasi ya gemu mbili, gemu inacheza vizuri sauti ipo ila wahusika wamekuwa vipande vya herufi. Tengeneza jedwali kwenye daftari kabla hujaanza, soketi kwenda chini, droo kwenda pembeni, na uweke tiki ukimaliza kila moja. Kama bado hujafikisha gemu 8, droo zilizobaki jaza gemu ya asili, usiache tupu.

Soketi

Chukua soketi mpya, mguu wa 1, wa 26 na wa 27 ikunje itoke nje iwe mlalo. Mingine 25 inabaki kushuka chini. Kwenye miguu iliyokunjwa ndo unachomelea waya. Soketi hiyo inaingia kwenye soketi ya bodi, na chipu mpya inakaa juu yake, kwahiyo chipu yenyewe inabaki safi unaweza kuitoa ukaiflashi tena muda wowote. Hakikisha iyo miguu iliyokunjwa haigusi kitu chochote cha bodi, weka hata kipande cha selotepu chini yake.

Unganisha mguu wa 26 wa soketi zote sita kwa waya mmoja, wa 27 kwa waya mwingine, wa 1 kwa waya wa tatu. Tumia rangi tatu tofauti. Angalia kile kipengo cha nusu duara kwenye kichwa cha kila chipu kielekee upande uleule wa chipu ya asili. Chipu iliyogeuzwa inapata umeme kinyume na inaungua ndani ya sekunde chache, mimi nimepoteza moja hivo na kilichonionyesha ni harufu.

Kibodi cha kuchagulia

Kwenye Nano mi natumia D5 kwa A13, D6 kwa A14, D7 kwa A15. Kila laini ipitishe kwenye rezista ya ohmu 220, na upande wa chipu weka rezista ya kilo 10 kwenda graundi. Hiyo ya kilo 10 ni kwasababu Nano ikiwaka inachukua muda kabla programu haijaanza na miguu yake inakuwa inaelea, sasa bila rezista bodi inaweza kusoma droo yoyote.

Oledi SDA inaenda A4, SCL inaenda A5 (hizi ni za Nano, sio laini za anwani za chipu). Enkoda D2 na D3, kubonyeza D4. Kwenye D2 na D3 weka zile kapasita za 104 kwenda graundi, bila hivo ukizungusha hatua moja inaruka tatu. Waya wa oledi usizidi kama nusu mita, na usiupitishe karibu na skrini ya kioo.

Umeme wa volti 5 chukua kwenye bodi yenyewe uingize kwenye mguu wa 5V wa Nano, sio VIN. Kibodi chote hakitumii hata miliampea 100, bodi haitajua kama kuna mgeni. Lakini sikiliza hapa: ukitaka kuchomeka USB kuweka programu chomoa kwanza huo waya wa volti 5, la sivyo laptopu yako itajaribu kuwasha bodi nzima ambayo inakula ampea kadhaa. Weka kiunganishi cha kuchomoa hapo, usichomelee moja kwa moja.

Riseti, hapa ndo watu wengi wanakosea

Huwezi kubadilisha droo wakati prosesa inakimbia. Inakuwa kama mtu anasoma kitabu alafu unamchomolea unampa kingine katikati ya sentensi, gemu itaganda au itachora takataka. Lazima prosesa ishikwe kwanza, ubadilishe, alafu uiachie.

Kwenye prosesa ya Z80 riseti ni mguu wa 26, kwenye ya 6502 ni mguu wa 40, zote zinashikwa kwa kuwekwa sifuri. Usikimbilie kuweka transista pale mguuni. Mara nyingi laini hiyo inasukumwa na geti ya 74LS (chipu ndogo ya lojiki), na wewe ukiivuta chini kwa nguvu mnapigana, geti inachoka. Fuatilia kwa mita laini inarudi mpaka wapi, kwa kawaida utakuta kuna kapasita ya elektroliti na rezista yake, ndo saketi inayoipa bodi riseti ikiwashwa. Kama mguu hasi wa hiyo kapasita umeenda graundi, weka transista hapo: kolekta kwenye mguu chanya kupitia ohmu 100, emita graundi. Transista ikifunguka inaimwaga kapasita, na kapasita ikiwa tupu bodi inadhani ndo imewashwa sasa hivi. Kwa kuunganisha tumia klipu ndogo ya kubana kwenye mguu, hakuna haja ya kuchomelea kwenye bodi.

Beisi ya transista iende D8 kupitia kilo 1, na pia weka kilo 22 kutoka beisi kwenda volti 5. Hiyo kilo 22 inafanya bodi ishikiliwe toka umeme unapoingia mpaka Nano itakapokuwa tayari kuiachia. Naipenda sana hii kwa sababu hapa kwetu umeme unakatika na kurudi muda wowote, na kila ukirudi gemu inaanza droo sahihi. Na ukiona mashine imewaka ila skrini kubwa haina kitu, anza kuangalia Nano.

Programu

Mpangilio wake ni huu. Ikianza tu inasoma kwenye EEPROM ya Nano (memori isiyofutika umeme ukikatika) namba ya gemu ya mwisho, kama ni zaidi ya 7 inaichukulia kuwa 0 (Nano mpya itakupa 255, usishtuke). Inaweka D5, D6, D7 kulingana na namba, inasubiri milisekunde 300, inashusha D8, bodi inaanza. Baada ya hapo inasikiliza enkoda. Ukizungusha inabadilisha jina kwenye oledi tu, hakuna kinachotokea kwenye bodi. Ukibonyeza na kushikilia sekunde moja ndo inapandisha D8, inabadilisha laini, inasubiri, inaandika namba kwenye EEPROM, inaachia. Hiyo sekunde moja iweke, maana bila hiyo mtoto akigusa kitufe kidogo tu mwenzake anapoteza gemu aliyoifikisha mbali na hapo ni ugomvi wa nyumba nzima.

EEPROM inavumilia kuandikwa mara 100,000 kwa kila sehemu, kwahiyo andika tu pale mtu anapochagua, usiandike kila anapozungusha. Upande wa oledi tumia maktaba ya programu inayoitwa U8x8, ni ya maandishi tu na haili memori. Nano ina baiti 2048 za memori, na ukichora picha kamili ya skrini unakula 1024 papo hapo. Na izime oledi ikikaa sekunde 30 bila kuguswa, zile herufi zikikaa masaa mengi zinabaki kama kivuli.

Kuwasha

Kabla ya chipu kuingia, washa na upime volti palepale kwenye soketi za bodi kati ya mguu wa 14 na wa 28. Inatakiwa iwe 5 au chini kidogo, 4.9 sio mbaya, ikizidi 5.1 punguza kwenye pawa saplai. Kama unatumia kiunganishi cha JAMMA, ule mpangilio wa Wajapani wa mwaka 1985 wenye nafasi 28 kila upande, hakikisha kile kizuizi cha nafasi ya 7 kipo. Ukichomeka kinyume volti 12 inaingia kwenye vitufe na hapo hakuna cha kuokoa. Bodi za kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na kiunganishi chake, fuata mchoro wake. Meno ya bodi yasugue kwa kifutio cha penseli alafu spiriti, hewa ya bahari inayapaka utando ambao huuoni kwa macho.

Zima, weka chipu, washa. Droo 0 ikikubali nenda droo 1, 2 na 4 kwanza kabla ya nyingine. Hizo tatu kila moja inapima laini moja peke yake, kwahiyo ikigoma droo 4 tu unajua shida iko A15, unafuata waya wa mguu wa 1. Ziache zote zicheze kila moja angalau nusu saa, bodi ikipata joto ndo viungo dhaifu vinajionyesha.

Droo ya Kiswahili

Hii ndo sababu hasa nilianza hii kazi. Kwenye skrini ya gemu nyingi kuna maneno INSERT COIN. Hayo ni nafasi 11 ukihesabu na ya katikati. Sasa hesabu WEKA SARAFU. Ni 11 kamili! Nilipoligundua hilo nilishindwa kulala.

Herufi kwenye gemu hizi mara nyingi hazijahifadhiwa kwa mpangilio wa kompyuta za kawaida, ni namba za vipande vya picha, A inaweza kuwa 65 au 10 au 1. Ila kwa kawaida zinafuatana, kwahiyo tafuta kwenye faili sehemu ambayo namba zinapishana kama herufi za neno zinavyopishana: kutoka I kwenda N ni kuongeza 5, N kwenda S kuongeza 5, S kwenda E kupunguza 14, E kwenda R kuongeza 13. Ukiipata andika zako juu yake, usizidishe hata nafasi moja. GAME OVER ina nafasi 9, mi nimeweka IMEISHA na nafasi tupu moja kila upande.

Ukimaliza gemu inaweza kugoma kuwaka ikisema ROM mbovu. Nyingi zinajumlisha baiti zote zikianza na kulinganisha na jumla iliyohifadhiwa. Tafuta sehemu isiyotumika, mara nyingi mwishoni kuna mfululizo wa 00 au FF, badilisha baiti mpaka jumla irudi ileile ya mwanzo. Siku ya kwanza watoto wa jirani walipoiona walisoma kwa sauti wote pamoja, na yule mdogo ambae alikuwa anabonyeza tu vitufe akauliza sarafu inawekwa wapi.

Kufunga

Kidirisha cha oledi usikitoboe kwenye kabati la asili. Peleka vipimo kwa seremala, mimi nilienda Keko, akutengenezee kibao kidogo cha kukaa chini ya kioo cha mbele, kishikwe kwa skrubu zilezile zilizokuwepo. Kibodi cha Nano kiweke ndani ya kopo la plastiki lenye matundu, juu, sio chini ambako vumbi na mende wanakaa.

Chipu za asili zichomeke kwenye sponji nyeusi isiyoshika umeme tuli, au funga kwa karatasi ya foili, weka kwenye kibahasha pamoja na lile jedwali la soketi na kikaratasi kinachoeleza miguu ipi umeikunja kwenye soketi mpya, alafu kibahasha ukibandike ndani ya mlango wa nyuma wa kabati hilohilo, ili atakaeifungua baada yako azikute.